Jumapili ya Kumi Baada ya Pentekoste

Kabla ya Agosti ya mwaka 1905 sikuwa nimekosea Jumapili hata moja. Sisemi kwa kujisifu. Ndiyo kazi niliyopewa. Padre alifika kwetu Mtunda mara tatu tu kwa mwaka, akitokea Dar es Salaam kwa miguu na wapagazi wanne. Alikaa siku mbili au tatu, akasikiliza maungamo, akabatiza, akafungisha ndoa kama ipo, akaondoka. Wiki zote zilizobaki zilikuwa mikononi mwangu mimi, Damasi, mwalimu wa dini.

Kuhesabu siku kulitaka utaratibu, kwa kuwa hatukuwa na saa wala kalenda. Padre alinipa kibao cha mninga chenye matundu saba na kijiti kimoja. Kila alfajiri, kabla sijanawa uso, nilikichomoa kijiti na kukitia katika tundu linalofuata. Kikifika kwenye tundu lililochorwa msalaba, ni Jumapili. Hapo nilitoka nje kupiga jembe bovu tulilolitundika kwenye mti, na watu wakaja. Tulikuwa kumi na wanne, tukikaa upande wa pili wa kijito, mbali kidogo na nyumba nyingine za Mtunda. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa makuti, na ndani yake mlikuwa na mikeka, msalaba na meza moja.

Juu ya meza ile nilikuwa na daftari. Kila Jumapili niliandika jina la kila aliyekuja. Aliyekuwa akijifunza dini hakubatizwa mpaka atimize Jumapili themanini, na padre alipokuja alizihesabu moja moja kwa kidole.

Miraji alikuwa na sabini na sita.

Huyu Miraji alikuwa Mmatumbi, alishuka kutoka milimani miaka mitano nyuma pamoja na mkewe, Mwamvua. Alikuwa fundi wa kujenga, mtu mrefu, mwepesi wa kucheka. Wote wawili walizaliwa katika Uislamu kama karibu kila mtu wa pande zetu, na sijui hasa ni nini kilichomleta kwangu. Nilipomuuliza aliniambia, "Nilikuja kuezeka, Mwalimu, nikasikia mnaimba." Sikumdadisi zaidi.

Tabu yake ilikuwa pamba. Kila mtu aliyekaa chini ya jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alilazimishwa kulima shamba la pamba la serikali, na nyapara wa shamba hilo, Huseni, alikuwa mwepesi wa kiboko. Mwezi wa Juni alimchapa Miraji viboko kumi kwa sababu pamba aliyochuma ilikuwa na majani. Miraji aliinuka, akajikung'uta vumbi, akasema mbele ya watu wote: "Ghala la pamba hii litaungua siku moja, na mie nitakwenda kuota moto wake." Watu walicheka. Huseni naye alicheka. Mwisho wa Julai wenyeji wa milimani walipoanza kung'oa pamba na kupigana na Wadachi, baada ya kunywa maji ya dawa ya Ngarambe, yaliyosemwa kwamba huzuia risasi, hakuna aliyeyacheka tena maneno hayo.

Wiki ya pili ya Agosti niliugua homa. Ilinishika Jumanne asubuhi, baada ya kuhamisha kijiti, na sikujua tena kilichoendelea. Mke wangu, Semeni, alininywesha dawa, alilisha kuku, na alihamisha kijiti. Niliamka alfajiri moja nikiwa mwepesi kichwani, miguu ikitetemeka. Nikatambaa mpaka kwenye kibao. Kijiti kilikuwa kwenye Ijumaa. Kwa hiyo jana ilikuwa Ijumaa, nikawaza, nikakitia kwenye Jumamosi. Kesho yake nilipiga jembe.

Wiki ile yote ilipita hivyo. Siku niliyoihesabu kuwa Jumamosi ya pili nilikuwa nimekaa mlangoni, bado nina udhaifu, nikawaona wanaume wawili wenye kanzu nyeupe wakipita njia ya Kibiti. Nikadhani wanakwenda mazikoni. Siku hizo mazishi yalikuwa mengi.

Jioni yake Huseni alikuja mwenyewe mpaka kwenye kijito, akapiga kelele bila kuvuka.

"Enyi watu wa misheni! Kesho alfajiri kila mwenye mabega aje shambani. Tunapeleka pamba ghalani Kibiti. Asiyekuja atanijua!"

Sasa, padre alikuwa na mapatano na jumbe: siku sita Wakristo wafanye kazi kama watu wote, ila Jumapili wasiitwe. Nilimjibu Huseni kwamba kesho hatuwezi. Hakunisikia, au hakutaka kusikia, alikwisha geuka.

Miraji alikuja kwangu jua likizama. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Mwalimu, Huseni ananitafuta mie. Heri niende."

"Hutakwenda. Kuna mapatano."

"Najua kuna mapatano. Lakini Mwalimu, hiyo kesho..."

"Kesho ni Jumapili," nilimkata. "Umebakiza Jumapili nne, Miraji. Padre akikuta nafasi tupu hapa nitamwambia nini?"

Aliniangalia kidogo. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake.

Watu wote walikuja siku ile. Nilikuwa nimeandika juu ya ukurasa, kwa mwandiko wangu mzuri: Jumapili ya kumi baada ya Pentekoste. Tulisali rozari, tukaimba, nikawasomea habari ya watu wawili waliokwenda hekaluni kusali, mmoja wao mtoza ushuru. Miraji alikuwa amekaa karibu na mlango, akanong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "Huyo mtoza ushuru alikuwa na kiboko?" Bi Mwanaharusi, mkongwe wetu, alicheka mpaka akashika ubavu.

Wakati huohuo Mshamu alipita nje. Mshamu alikuwa fundi wa kushona kanzu na mwadhini wa msikiti wa Kibiti. Tulikuwa tukitaniana siku zote. Alisimama, akaingiza kichwa mlangoni.

"Ehe, mtu wa misheni! Siku hizi mnatukanyaga visigino!"

"Ondoka, Mshamu, tunasali."

"Salini, salini. Na wewe Mmatumbi, umejificha humo kazi ya pamba?"

"Nimejificha, fundi," alisema Miraji. "Usinitaje."

Mshamu akaenda zake akicheka. Tulipotoka tuliona moshi mweusi upande wa Kibiti. Kutoka kwetu mpaka Kibiti ni mwendo wa saa tatu. Nani angeweza kuwa huku na kule kwa asubuhi moja? Hilo ndilo lililonifanya nikae na moyo mtulivu, hata jioni tulipopata habari kwamba wapiganaji wa milimani walilivamia ghala wakati pamba inapokelewa, wakaua askari wawili, wakatia moto. Huseni aliponea kwenye shimo la takataka.

Siku ya tatu askari walikuja kumchukua Miraji. Mmoja aliingia kanisani, akaifungua chupa ya maji ya baraka, akainusa, akaishika juani, kisha akaimwaga mlangoni. Hawakunigusa. Mwamvua alisimama uani, mtoto mgongoni, akawatazama wakimfunga mumewe mikono.

"Usilie," nilimwambia. "Nina daftari."

"Silii, Mwalimu," alisema. Kweli hakuwa akilia.

Kesho yake nililifunga daftari katika kitambaa, nikaenda nalo bomani Kibiti. Nilingoja barazani tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mwisho niliitwa mbele ya karani, kijana nadhifu kutoka Tanga aitwaye Shaabani. Alikuwa na kalamu ya chuma sikioni.

"Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Miraji wa Mtunda. Hakuwapo ghalani. Alikuwa kanisani nami tangu saa mbili mpaka saa nne. Nimeandika."

Alilifungua daftari polepole. Akafuata majina kwa kidole, kama padre anavyofanya. Akafika kwenye jina la Miraji, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi juu ya ukurasa kusoma kichwa cha habari. Kidole kikasimama.

"Hii ni Jumapili."

"Ndiyo."

"Mwalimu, ghala limeungua Jumamosi."

"Limeungua Jumapili. Tulitoka kusali tukaona moshi."

Hakubishana. Aliinuka, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye tarehe zimepangwa kwa mistari, na tarehe moja ilizungushiwa wino mwekundu. Tarehe kumi na tisa. Jumamosi. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Leo ni siku gani, Mwalimu?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatano."

Nilitaka kusema karatasi yake ina makosa. Nilishukuru baadaye kwamba sikusema. Alilifunga daftari, akanirudishia.

"Sikiliza. Huseni amesema Miraji hakuja kazini Jumamosi, na alikwisha ahidi mbele ya watu kwamba ghala litaungua. Sasa wewe unaniletea kitabu kinachosema Jumapili alikuwa anasali. Jumapili hakuna anayemuuliza habari zake! Nikimpelekea Bwana mkubwa kitabu hiki, atasema huyu alichoma Jumamosi, akatubu Jumapili. Nenda nacho nyumbani. Ijumaa atawahukumu wote. Wako tisa, na kamba imekwisha letwa."

Nilirudi kwa miguu yangu mpaka Mtunda na sikumbuki nilipita wapi.

Semeni alikuwa akitwanga. Nilimwomba aache mchi, aje kwenye kibao. Nilimwambia anionyeshe, siku kwa siku, alichofanya nilipokuwa mgonjwa.

"Kwani nimeharibu nini?"

"Sijasema umeharibu. Nionyeshe tu."

"Uliugua Jumanne. Kijiti kilikuwa hapa. Lilipozama jua nikakitia hapa, Jumatano. Lilipozama tena, hapa. Likazama tena, nikakitia hapa, Ijumaa. Asubuhi yake ukaamka."

"Ulikihamisha magharibi?"

"Sasa nikihamishe lini? Siku si inaanza jua likizama?"

Niliketi chini. Semeni alikuwa amebatizwa jina la Agata miaka sita nyuma, lakini alizaliwa Mndengereko katika nyumba ya Waislamu. Katika nyumba hizo siku huanza magharibi, tangu mababu. Mimi nililelewa misheni, ambako siku huanza kwa kengele ya alfajiri. Miaka yote sita tulilala chini ya paa moja tukiwa na siku mbili, na hatukuwahi kujua, kwa kuwa kijiti kilikuwa kikihamishwa na mtu mmoja. Alhamisi jioni yeye alikitia kwenye Ijumaa. Ijumaa alfajiri mimi nikakitoa.

"Mbona hukuniambia umekwisha kihamisha?"

"Mbona hukuniuliza? Uliamka kama mzuka, ukatambaa moja kwa moja kwenye kibao chako. Hata salamu hukunipa. Nikasema anajua afanyalo."

Nilikuwa na hasira, na sikumpata mtu wa kumpa. Kosa lake halikuwa kosa. Kosa langu nalo lilikuwa utaratibu wangu wa kila siku, ule niliousifu moyoni. Na katikati ya hayo mawili alikuwapo mtu bomani, akingoja kamba.

"Basi ni rahisi," alisema Semeni nilipokwisha kumweleza ya bomani. "Wameenda kuchoma Jumamosi, na Jumamosi Miraji alikuwa kanisani, tunamwona. Waambie."

"Nani ataniamini? Daftari linasema Jumapili. Nikifuta, watasema nimefuta kumwokoa."

Semeni aliokota mchi wake. "Mtafute Mshamu," akasema. "Yeye hawezi kuipoteza Ijumaa."

Nilimkuta Mshamu kesho yake nyuma ya nyumba yake, akishona sanda. Watu wengi wa Kibiti walikuwa wamekimbilia kwenye mikoko ya delta, lakini yeye alibaki, kwa sababu, alisema, maiti hawakimbii. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kijiti alianza kutikisika mabega.

"Usicheke, Mshamu."

"Sicheki. Nacheka kidogo. Wallahi, nilijua! Wiki ya kwanza nilipita Mtunda nikasikia jembe lenu linalia siku inayofuata Ijumaa, nikarudi nikamwambia mke wangu, padre amewasogezea siku. Wiki ya pili nikasema, hapana, hawa wamepotea."

"Na hukuniambia!"

"Nilikwambia. Nimeingiza kichwa mlangoni nikasema mnatukanyaga visigino, yaani mmeifuata Ijumaa yetu nyuma nyuma. Ukanifukuza."

"Huko ni kuambia?"

"Ulitaka niseme nini, Damasi? Mwadhini aje kumfundisha mwalimu wa misheni Jumapili yake? Ungesema nakudhihaki dini." Alikata uzi kwa meno. "Hayo ni ya dini yenu, nikasema, watayamaliza wenyewe."

Nilimwambia kwamba kesho Miraji atanyongwa, na kwamba yeye ndiye mtu pekee asiye Mkristo aliyemwona kanisani, na anajua siku. Kicheko kilimtoka usoni. Aliichomeka sindano kwenye sanda.

"Ukienda bomani kwa miguu yako," alisema, "hujui kama utatoka kwa miguu yako. Mie mwenyewe sikuwapo Kibiti ghala likiungua. Wataniuliza nilikuwa wapi."

"Ulikuwa Mtunda."

"Kwa ushahidi wa nani? Wako? Wewe usiyejua siku?"

Nilibaki nimekaa. Sikumlaumu, na nilitaka sana kumlaumu. Mwisho aliikunja ile sanda, akaiweka juu ya sanduku.

"Yule Mmatumbi aliniambia nisimtaje," alisema. "Haya. Njoo kesho mapema, kabla ya sala ya Ijumaa. Ijumaa ya kweli, siyo yako."

Bwana mkubwa alikaa nyuma ya meza kwenye baraza ya boma, Mdachi mwenye ndevu nyekundu na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha. Wale tisa walikuwa wamekaa jua kali, wamefungwa shingo kwa shingo. Miraji alikuwa wa sita. Shaabani alisimama pembeni na daftari langu, nililomrudishia asubuhi ile, na Huseni alikaa kwenye ngazi, mkono umefungwa kitambaa.

"Wewe sema tena," aliniambia Bwana mkubwa. "Jumapili ni Jumamosi?"

"Ndiyo, Bwana mkubwa. Kwa wiki mbili."

"Kitabu hiki kinasema uongo?"

"Kinasema kweli. Watu waliokuja ndio hao. Ni siku tu niliyoikosea."

Nilieleza homa, kibao, jua kuzama na jua kuchomoza. Nilieleza kwa mpango, hatua kwa hatua, nami nilisikia jinsi kila hatua ilivyozidi kuwa kama hadithi ya kitoto. Askari walikuwa wakicheka chini chini. Huseni hakujizuia hata kidogo.

"Bwana mkubwa, hawa wanatukimbia kazi kwa jina la Jumapili, na Jumapili yenyewe hawaijui!"

"Na wewe?" Bwana mkubwa alimgeukia Mshamu. "Unajua?"

"Mie naadhini Ijumaa, bwana. Nimeadhini Ijumaa, kesho yake Jumamosi nikaenda Mtunda kupeleka kanzu. Nikapita penye kanisa lao. Huyu Miraji alikuwa kakaa mlangoni. Nimesema naye."

"Nani alikusikia kuadhini?"

"Waliokuja kusali."

"Wako wapi?"

"Wamekimbilia kwenye mikoko, bwana."

"Kwa nini wanakimbia, kama ni watu wazuri?"

Hakuna jibu la swali hilo linaloweza kusemwa mbele ya bunduki. Bwana mkubwa aligonga meza kwa kidole.

"Kama siku ya kitabu ni sawa, huyu hana shahidi. Kama siku si sawa, kitabu ni takataka. Mnataka nini kwangu?"

Hapo Shaabani alisogea, akainama, akasema naye Kidachi kwa muda. Sikuelewa neno ila "padre," lililotajwa mara tatu, na "Dar es Salaam." Baadaye aliniambia alichosema: kwamba padre wetu anajulikana kwa gavana, kwamba atakuja kulikagua daftari hili, na akikuta mtu wa darasa lake amenyongwa ilhali jina lake limo, ataandika barua. Haki haikutajwa. Barua ndiyo iliyofanya kazi.

Bwana mkubwa alinisukumia kalamu. Niliambiwa niandike mbele yake, kwa mkono wangu, juu ya Jumapili zote mbili, kwamba zilikuwa Jumamosi. Niliandika. Mwandiko haukuwa mzuri. Kisha akatoa hukumu: Miraji hatanyongwa. Kwa maneno yake ya mwezi wa Juni, na kwa kutokuja kazini siku ya kazi, atafungwa mnyororo miezi sita, avunje mawe ya kujengea ghala jipya.

"Na ninyi," aliniambia, "kabla ya kusali, kwanza mwulizeni Huseni ni siku gani."

Askari walicheka sana. Mshamu aliachiliwa aende kuadhini, akaondoka bila kunitazama. Mchana ule wanane walinyongwa. Sikuwajua, na hakuna aliyekuja kusema walikuwa wapi siku ile ghala lilipoungua.

Shaabani aliniombea ruhusa ya kusema na Miraji kidogo, penye kisima. Alikuwa na pete ya chuma shingoni, na mnyororo wenyewe alikuwa ameushika mkononi ili usimkwaruze.

"Mwambie Mwamvua asiuze mbuzi," alisema. "Na paa la jikoni, nimeliacha nusu. Amwite mdogo wangu."

"Nitamwambia. Miraji, nisamehe. Nilikuzuia kwenda kazini, na siku yenyewe ilikuwa ya kazi. Mimi sikujua."

Alitazama mnyororo.

"Mie nilijua, Mwalimu."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kesho yake ni Jumamosi. Shemeji zangu walipita na kanzu zao kwenda msikitini. Hata Mwamvua alijua. Sote tulijua, isipokuwa labda Bi Mwanaharusi."

Wale wanaume wawili niliodhani wanakwenda mazikoni.

"Na mkaja kusali! Mkakaa mkaimba! Mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Ukanikata."

"Ungerudia! Ungeniambia kwa nguvu!"

"Mwalimu," alisema taratibu, "mtu aliyenifundisha hiyo Jumapili yenyewe, nimwambieje kwamba haijui? Nikasema, akisema Jumapili, basi ni Jumapili. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa! Na Huseni je?"

Alicheka kidogo, kicheko chake kilekile, na chuma kikalia. Askari akampigia kelele, akainuka kwenda kwenye mawe.

Njiani kurudi niliwakasirikia wote, mmoja mmoja, kwa zamu: Mshamu na utani wake, Semeni na ukimya wake, Mwamvua, Miraji mwenyewe. Kila nilipomaliza mmoja nilijikuta nimesimama mahali pale pale, mlangoni kwangu, jioni ile, nikimkata mtu maneno. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu wa kanisa letu aliniambia nimekosea. Nilitembea saa tatu na sikukumbuka.

Jumapili iliyofuata niliihesabu kwa Ijumaa ya Mshamu, kisha nikamuuliza Semeni, kisha nikapiga jembe. Walikuja kumi na mmoja. Mwamvua alikuja pia, jambo ambalo sikulitegemea, akakaa nyuma kabisa na mtoto wake. Nililifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Kalamu ikiwa mkononi niliwauliza:

"Leo ni siku gani?"

Hakuna aliyejibu. Nikadhani hawakusikia.

"Nawauliza kweli. Nataka mniambie ninyi. Leo ni siku gani?"

Walitazamana. Mwamvua aliinamisha kichwa, akamrekebisha mtoto kofia. Mwisho Bi Mwanaharusi alisema, kwa heshima zote:

"Mwalimu, si wewe ndiye unayejua?"

Niliiweka kalamu juu ya meza. Nikasema hatutaanza mpaka mtu mmoja anijibu. Tukakaa hivyo, wao wakinitazama na mimi nikiwatazama, na jua likaanza kuingia mlangoni.